Je, Kutibu Jeni ni Kumsahihisha Muumba?

Wapo wacha Mungu wanaouliza: Ikiwa Mwenyezi Mungu ndiye aliyemwumba mwanadamu, yafaaje tabibu kuingia hata ndani ya seli na kubadili jeni? Swali hili si la kudharauliwa. Lakini kabla ya kulijibu yatupasa kujua ni kitu gani hasa kinachofanyika.

Mfikirie mzazi wa Igunga ambaye mtoto wake ana ugonjwa wa selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye wagonjwa wengi zaidi wa maradhi haya duniani. Chanzo chake ni badiliko la herufi moja tu katika jeni ya hemoglobini. Mtoto akilirithi kwa baba na kwa mama pia, chembe zake nyekundu za damu hupinda mfano wa mundu, huziba mishipa, na maumivu yake hayasimuliki.

Ili kumtibu kwa njia ya jeni ni lazima kufikisha dawa ndani ya seli, na hapo ndipo penye taabu. Jeni ni mzigo mkubwa wenye chaji hasi, na uso wa seli nao una chaji hasi, basi husukumana. Njia iliyozoeleka ni kuutwisha mzigo huo virusi vilivyoondolewa makali. Lakini mwili huweza kuvipiga vita: mwaka 1999 Jesse Gelsinger, kijana wa Marekani wa miaka 18 aliyekuwa na maradhi ya ini, alifariki siku 4 baada ya kutiwa jeni kwa virusi.

Kwa hiyo wataalamu hutafuta wapagazi wengine, na mmojawapo ni peptaidi, yaani kipande kifupi cha protini. Watu wa Tabora, ambao babu zao walibeba mizigo kati ya Bagamoyo na Ujiji, hawahitaji kufundishwa kazi ya mpagazi. Peptaidi yenye chaji chanya huufunga mzigo ukawa mdogo, huunatisha kwenye seli, nayo seli huumeza ndani ya kifuko. Kisha huja mtihani mzito zaidi: mzigo usipotoka kifukoni mapema huharibiwa humo humo, kama shehena iliyofika mjini ikaozea guniani. Miongoni mwa peptaidi zilizojaribiwa maabara kutoboa kifuko hicho ni melitini, itokayo katika sumu ya nyuki. Nyuki yule yule ambaye Kurani Tukufu ina sura yenye jina lake. Ikiachwa huru, melitini hupasua hata chembe za damu, hivyo ni lazima ifungwe barabara.

Je, huku ni kumsahihisha Muumba? Mimi sioni hivyo. Tiba hii hugusa seli za damu za mgonjwa peke yake, wala hairithiwi na watoto wake. Hata hivyo muulizaji ana haki kwa upande mmoja. Mwaka 1954 tabibu A. C. Allison, aliyefanya utafiti Afrika Mashariki, alionyesha kwamba aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Basi anayetaka kuifuta kabisa katika kizazi cha wanadamu ana haraka mno. Kumwondolea mtoto maumivu ni jambo jingine.

Lakini mwenye kuona wivu kwa ajili ya haki ya Muumba na aitazame pia haki ya kiumbe. Desemba 2023 Marekani iliruhusu tiba mbili za jeni kwa selimundu, moja ya virusi na nyingine ya mshituko wa umeme. Kila moja ilitangazwa kwa bei inayozidi dola 2,000,000 kwa mgonjwa mmoja, na seli hutolewa mwilini kwanza, zikatengenezwa maabara, kisha zikarudishwa. Peptaidi hutengenezwa kwa kemia, bila kufuga virusi. Matumaini ni kwamba siku moja sindano ya kawaida itatosha. Siku hiyo haijafika.

Ipo lakini haidroksiyurea, kidonge ambacho utafiti wa mwaka 1995 ulionyesha kwamba hupunguza vipindi vya maumivu hayo. Ndugu mwenye hofu ya jeni aanze kwa kuuliza kama kidonge hicho kinapatikana katika hospitali iliyo karibu naye, na kwa bei gani.