Upana wa Kidole Gumba

Somo: Yoshua 18:1–10

Juma hili kijana mmoja wa darasa la kipaimara alinijia na daftari. Amebuni nchi yake mwenyewe: falme nne, mlima unaofuka moshi, joka linalolinda kivuko. Hadithi anayo tele. Kilichomkwamisha ni ramani. Achore vilima kimoja kimoja, kama tunavyoviona tukisimama barabarani, au apige mistari ya kontua kama kwenye kitabu cha Jiografia? Na skeli je?

Nikamwomba rula. Kutoka daraja la mpakani la Rusumo hadi hapa Benaco ni kama kilomita 20. Kwenye ramani ya moja kwa milioni moja, hizo ni sentimita 2, upana wa kidole gumba changu. Kwenye ile ya moja kwa elfu hamsini ni sentimita 40, karibu dhiraa nzima. Nikalaza mkono mezani aone, kiwiko mpaka ncha za vidole.

Halafu nikamsimulia kilichopita ndani ya gumba hilo. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa kama saa 24 tu, wakimbizi zaidi ya laki mbili walivuka daraja lile wakitoka Rwanda. Hapa petu, palipobaki na jina la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara, pakaota mji wa maturubai. Ukichora kwa gumba, watu wote hao ni mshale mmoja. Ukichora kwa dhiraa huna budi kuonyesha foleni ya maji, kuni zinakokatwa, na jinsi watu wa komuni moja ya Rwanda walivyopiga kambi pamoja.

Watumishi waliotutangulia nao walichora nchi ya kubuni, ila wao hawakujua. Erhardt na Rebmann, wamisionari wa Rabai, waliwauliza wenye misafara habari za bara. Huyu akataja maji makubwa, yule naye maji makubwa. Wakayaunganisha. Ramani yao, iliyosambaa Ulaya mwaka 1856, ina ziwa moja lenye umbo la konokono asiye na gamba, limemeza Nyasa, Tanganyika na Nyanza yetu. Siwacheki sana, afadhali kuuliza kuliko kunyamaza. Lakini joka la kijana kila mtu anajua ni joka. Konokono yule ilibidi wapelelezi Burton na Speke wamfuate kwa miguu ndipo ajulikane.

Yoshua alianza na miguu. Watu watatu wa kila kabila waliikanyaga nchi kwanza, wakaiandika mji kwa mji, ndipo kura ikapigwa.

Nikamuuliza kijana: wanaongoja kuvuka pale kwa joka, usiku wanalala wapi? Hakujibu. Alifungua ukurasa mpya, akaulaza ubavu, akaanza na kivuko. Alikichora kikubwa hata falme tatu zikabaki nje ya karatasi.