Mwalimu Anapoonyesha Mkao

Mwalimu wa yoga akisimama mbele ya wanafunzi na kuukunja mwili wake, anaonyesha nini: mkao, au nafsi yake? Wengine watatuuliza, mambo ya Wahindi yatuhusu nini sisi Wakristu? Tuwakumbushe tu kwamba Padri Jean-Marie Déchanet, mtawa wa Mtakatifu Benedikto, aliyeandika juu ya yoga ya Kikristu mwaka 1956, aliishi pia Kansenia, huku kwetu Katanga. Basi turudi kwenye swali.

Tutwae mkao wa pembe tatu. Mtu hutanua miguu, huinama kando, mkono mmoja hushuka kuelekea mguu, wa pili huinuliwa juu. Mwalimu mwenye viungo laini hufikisha kiganja chini bila shida, na watu hushangaa. Kisha kila mmoja ataka kugusa sakafu kama yeye: huyu akunja goti, yule aangusha kifua, mwingine aumia mgongo. Kosa ni la nani? Wao waliiga walichokiona. Mwalimu mwema angaliweka mkono juu ya muundi tu, kifua kikiwa wazi, ili hata yule mzee wa nyuma aone kwamba njia hiyo ni yake pia. Tena, akiwaelekea wanafunzi, husema «kuume» huku akiinua mkono wake wa kushoto, wapate kumfuata kama kioo. Jambo dogo, lakini ndipo upendo unapoonekana. Kisha huacha upesi kuonyesha, aende kuwatazama. Maana mwenye kichwa chini hawaoni watu wake.

B.K.S. Iyengar alisimulia kwamba alipokuwa kijana, mwalimu wake Krishnamacharya alimwamuru kutandaza miguu mbele ya watu, mmoja mbele, mmoja nyuma, mkao asiouzoea. Alitii. Misuli ya mapaja ikachanika, akateseka muda mrefu. Mwaka 1937 alitumwa Pune kufundisha, akakuta wanafunzi wenye nguvu kuliko yeye. Ndipo akajizoeza kwa saa nyingi kila siku.

Na mwalimu aliyezeeka? Kwetu si aibu aseme, «Mkao huu siuwezi tena», amwite mwanafunzi auonyeshe, yeye akielekeza kwa kidole mahali uzito unapokaa. Pengine wenzake huona vema zaidi hivyo, kwani yule aliye mbele hutetemeka kidogo, kama watakavyotetemeka wao.