WAZO LA LEO: Maumivu Hutangulia Kuondoka

Mpanda miamba aliyeumia msuli wa kifua hudhani amepona siku anapoinua mkono bila maumivu. Asiukimbilie mwamba wa Fischer's Tower kule Hell's Gate. Maumivu hutangulia kuondoka; nguvu huchelewa kurudi. Kano inayoushikiza msuli huo kwenye mfupa wa mkono hupata damu kidogo kuliko msuli wenyewe, hivyo hupona polepole. Kifua kikivilia damu au kubadilika umbo, kwanza daktari. Akiruhusiwa, aanze kwa kusukuma ukuta akiwa wima, kisha meza, kisha sakafu, ndipo aning'inie. Asivuke hatua mpaka kifua kiamke bila kukaza. Mwenda pole hajikwai, na kujizuia nako ni mazoezi.