Wazo Lisilobisha Hodi

Mwenye wasiwasi huambiwa upesi: usiwaze. Ni agizo lisilotekelezeka. Ili nijue kama nimeacha kuliwaza jambo, sina budi kulichungulia nione kama bado lipo, na kulichungulia ndiko kuliwaza. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Mmarekani Daniel Wegner na wenzake walichapisha jaribio maarufu: wanafunzi walikatazwa kumfikiria dubu mweupe, wapige kengele kila akiwajia. Kengele zililia. Tena waliokatazwa kwanza, waliporuhusiwa baadaye, walimfikiria zaidi kuliko wale walioruhusiwa tangu mwanzo.

Huyo ni dubu tu. Huku Kigali, kwenye makumbusho ya Gisozi yaliyofunguliwa mwaka 2004, wamezikwa zaidi ya watu 250,000 waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Nani ana ubavu wa kumwambia aliyenusurika asiwaze? Rwanda imeshika njia nyingine. Kila tarehe 7 Aprili huanza Kwibuka, siku 100 za kumbukumbu, wiki ya kwanza ikiwa ya maombolezo ya taifa. Huzuni imepewa muda wake, mahali pake na watu wa kuisikiliza.

Pingamizi lipo, na lina uzito. Katika mikusanyiko ya Kwibuka wapo wanaozidiwa, wakapiga mayowe kana kwamba wauaji wako mlangoni sasa hivi. Wala kumbukumbu haisomi kalenda; inaweza kumvamia mtu mwezi Agosti akiwa kwenye foleni ya basi kituoni Nyabugogo. Nakubali yote mawili. Ila sidhani Kwibuka inaahidi kuondoa maumivu. Inachopunguza ni upweke wa kuyabeba na ile kazi ya pili, ya kuyaficha. Wazo huja bila idhini yangu. Aibu ya kwamba limekuja naiongeza mwenyewe, nikisaidiwa na jirani anayeniambia nijikaze.

Wasiwasi wa kila siku, kama ule wa kodi ya nyumba katika mtaa wa Kimironko hapa Kigali, haupimwi kwa mizani hiyo. Una hila yake: hujifanya maandalizi. Mtu hukesha akihesabu deni, akadhani anafanya kazi, na kukicha deni ni lilelile. Kama ipo hatua ya kuchukua, ichukue. Kama haipo, mwambie mtu unayemwamini. Na usingizi ukikukimbia wiki baada ya wiki, nenda kituo cha afya. Kigali ina hospitali ya magonjwa ya akili pale Ndera, na anayeingia mlangoni mwake hana la kuomba radhi.