Pwani Isiyo Pwani

Kanuni ya Kiingereza hufundishwa kwa jicho: nomino ya pekee huanza kwa herufi kubwa, ya kawaida kwa ndogo. Kanuni hiyo huleta maksi, lakini haielezi kitu. Udhaifu wake unaonekana katika maandishi yaliyopita Bagamoyo. Kiswahili kiliandikwa kwanza kwa hati za Kiarabu, zisizo na herufi kubwa wala ndogo, na hilo halikumzuia mwandishi kumtaja mtu fulani au mji fulani. Wakaja Wajerumani, walioifanya Bagamoyo makao yao makuu hadi 1891. Wao kila nomino huipa herufi kubwa, liwe jina la gavana au neno punda. Kisha Waingereza wakaja na desturi tunayoifuata leo. Mji ni ule ule, na kalamu tatu haziafikiani. Tofauti tunayoitafuta haimo katika wino.

Wala haimo katika neno lenyewe. Chukua pwani. Likiwa nomino ya kawaida lina sharti lake: bahari lazima iwepo. Mbegani ni pwani, Kunduchi ni pwani, Tanga na Mtwara vilevile. Lakini Mkoa wa Pwani, ambao Bagamoyo ni wilaya yake, una makao makuu Kibaha, kwenye barabara ya Morogoro, mbali na maji ya chumvi. Na Kisarawe, wilaya nyingine ya mkoa huo, haina ufukwe. Basi mtu wa Kisarawe anaishi Pwani bila kuishi pwani, na wa Tanga mjini anaishi pwani bila kuishi Pwani. Kauli hizi hazipingani, kwa sababu neno la kawaida huwajibika kwa kitu chenyewe, ilhali la pekee huwajibika kwa watu waliozoea kukiita hivyo. Mwanafalsafa John Stuart Mill alilitetea wazo la namna hii mwaka 1843 kwa mfano wa Dartmouth, mji wa Uingereza ulio kwenye mdomo wa mto Dart: mchanga ukiuziba mdomo huo, au tetemeko likiuhamisha mto, jina halitalazimika kubadilika. Mill alihitaji tetemeko. Sisi ramani ya mikoa yatutosha.

Atakayepinga atasema majina yetu yana maana, tena ya wazi. Ndani ya jina la Mlingotini mna mlingoti, na Bagamoyo husimuliwa kuwa ni moyo uliobwagwa, ama kwa faraja ya wapagazi waliomaliza safari, ama kwa majonzi ya mtumwa anayeiacha bara. Ubishi huo una thamani kwa wanahistoria. Hata hivyo wabishi hao wawili wakipanda basi la Bagamoyo watashuka stendi moja. Kama maana ndiyo ingeongoza jina, mmoja wao angepotea.

Pingamizi gumu zaidi ni la neno Mwalimu. Nyerere aliacha kufundisha Pugu mwaka 1955, neno likabaki naye. Je, limekuwa jina tupu? Sidhani, kwani wengi wanaolitamka wanamaanisha pia kwamba alilifunza taifa. Sifa haijafa ndani yake. Nakubali basi kwamba mpaka una matobo, na neno moja laweza kutaja na kusifu kwa pumzi moja. Ila kazi hizo hubaki mbili. Mkosoaji wa sera ya vijiji aweza kukanusha kabisa kwamba Nyerere alitufunza lolote la maana kuhusu kilimo, na bado akaanza hoja yake kwa kusema, “Mwalimu alikosea.” Amekataa sifa, akabaki na jina.

Na majina yanayorudiwa? Bagamoyo ina Magomeni, Dar es Salaam nayo ina yake. Mbweni iko Dar es Salaam, na nyingine Unguja. Mtu aweza kudai kwamba neno linalotaja sehemu zaidi ya moja limeshakuwa la kawaida. Lakini pwani zote zina kitu kimoja kinachozifanya pwani, ilhali Magomeni hizi hazihitaji kufanana kwa lolote. Ndiyo maana mgeni anayeambiwa ashuke Magomeni haulizi Magomeni ni kitu gani. Anauliza ni ipi.