Kukamua mara ine kwa siku moja

Kwetu mu Bushi, mutu akisema "nimetengeneza kasiksi", anasema neno moja lakini nyuma yake kuna siku nyingi. Swali ninalotaka kuweka mbele ya wasomaji wa kijitabu hiki ni hili: mutu anayetaka kutengeneza pombe mara tatu ao mara ine kwa siku moja, anakosa? Na kama anakosa, anamukosea nani?

Wengine watajibu mara moja: haraka haraka haina baraka. Methali hiyo ninaiheshimu. Lakini nimeona kwamba inatoka kwa urahisi zaidi mu kinywa cha mutu mwenye kushiba. Tuangalie kwanza kazi yenyewe, kiisha tutahukumu.

Ndizi za pombe zinakatwa zikiwa mbichi. Zinatiwa mu shimo lililotandikwa majani ya mugomba, zinafunikwa na majani pamoja na udongo, na moto unawashwa pembeni ili joto na moshi viingie. Zinakaa siku ine, tano, wakati mwingine sita, kufuatana na baridi ya kilima. Hapo wanga ulio mu ndizi unageuka sukari. Kiisha zinamenywa, zinakamuliwa pamoja na nyasi mu chombo cha muti kilichochongwa kama mutumbwi. Maji yake yanachujwa, yanaongezewa maji ya kisima kwa kipimo, halafu unga wa mutama uliokaangwa. Chombo kinafunikwa vizuri na kuwekwa mahali pa joto. Chachu inayokaa mu mutama na mu chombo chenyewe inakula ile sukari, na nyuma ya usiku mumoja ao miwili pombe iko tayari. Ikikaa siku zaidi, inaanza kuwa kali na kuelekea siki.

Mu kazi hiyo yote sehemu ya mutu ni ndogo. Kukamua kunaweza kurudiwa mara nyingi kwa siku moja, ikiwa mikono iko. Lakini kuiva na kuchacha havisikii amri ya mutu, hata akiwa na shida namna gani.

Tena pombe hiyo haikuwa kitu cha kuuza tu. Inapelekwa ku posa, inapelekwa ku matanga, inawashukuru wale waliokuja kusaidia kulima. Na kuna desturi moja ambayo vijana wetu wanaidharau kidogo: mwenye kutoa pombe anaonja wa kwanza, mbele ya wageni. Watu wanasema ni juu ya sumu. Ni kweli, lakini kuna zaidi. Anayeonja anasema: hiki ninachokupa nimekiingiza mu mwili wangu mwenyewe. Kikiwa kibaya, ni kibaya kwetu sote.

Sasa nitasema habari ya nyumba yetu. Mu mwaka 1997 nilikuwa mu masomo ya segondari. Vita ya 1996 ilikuwa imepita juu ya kilima chetu, na mbuzi zilikuwa zimekwisha. Tangu miaka ya 1990 wazazi ndio waliobeba sehemu kubwa ya malipo ya mwalimu mu Kongo, na mutoto asiyelipa alirudishwa nyumbani. Mimi nilirudishwa siku ya Jumanne, mitihani ikiwa Jumatatu iliyofuata. Mama hakusema neno. Alikuwa na shimo moja lililoiva na lingine lililofunikwa siku mbili tu. Kesho yake alfajiri alimwita mujomba, akatuamsha mimi na dada zangu.

Tulikamua mara ine. Ya kwanza ilitoka nzito na tamu. Ya pili nayo ilikuwa nzuri, hata kama mikono ilikuwa imeanza kuchoka. Kwa ya tatu mama alifungua lile shimo lingine. Ndizi zilikuwa bado ngumu ku kidole. Tulizikamua zaidi ya saa moja na zikatoa kidogo tu, juu wanga wake ulikuwa haujageuka sukari. Ya ine haikuwa na ndizi hata moja. Mama alikusanya makapi na nyasi za zile tatu, akamwanga maji juu yake, tukakamua tena. Wazee walijua sana yale maji ya pili: yalikuwa ya watoto na ya wenye nyumba, hayakufika mbele ya mugeni. Mama akatia sukari ya duka, akazidisha unga wa mutama ili yapate rangi. Mujomba akamuangalia, akauliza:

"Dada, hii ya ine utaiita namna gani?"

Mama akajibu: "Nitaiita minervali."

Siku ya Jumamosi, ku soko, mama alionja bidon ya kwanza mbele ya wanunuzi. Akaonja ya pili. Akaonja hata ya tatu, akakunja uso kidogo, akapunguza bei. Alipofika ku ya ine, alimimina tu. Muzee mumoja mwenye matanga nyumbani kwake aliinunua yote kwa bei ya ile nzuri, juu alikuwa na haraka na alikuwa anamuamini mama. Hakuna mutu aliyegonjwa. Hakuna aliyekuja kulalamika. Jumatatu nililipa, nikaandika mitihani.

Je, mama alikosa? Mutoto hapashwi kumuhukumu mama yake, zaidi mutoto aliyekula faida. Lakini jambo lenyewe tunaweza kulipima.

Wa kwanza atasema: shida inaondoa kosa. Mimi sikubali. Yule muzee mwenye matanga alikuwa naye na shida yake, pengine kubwa kupita yetu. Shida yangu hainipi ruhusa ya kuingia mu mufuko wa mwenye shida mwenzangu bila kumuambia.

Wa pili atasema: kosa ni ule wingi, bibi zetu walikamua mara moja tu. Hata huyu simukubali. Kukiwa ndoa kubwa, jamaa nzima ilikusanyika na kukamua vyombo vingi kwa siku moja, na hakuna aliyeona haya. Tena ile ya kwanza na ile ya pili za mama zilikuwa nzuri, na zilitoka siku ile ile. Hata ya tatu, yenye upungufu, ilisemwa ukweli: mama aliuonyesha ku uso wake na ku bei. Hata maji ya makapi si zambi, yana jina lake na wanywaji wake. Kosa lilianza pale yalipopewa jina la kasiksi ya kwanza, na kikombe hakikufika ku kinywa cha mwenye kuuza.

Leo jaribu ni kubwa zaidi. Ugonjwa wa bakteria unaonyausha migomba, uliotambuliwa mu Kongo mwaka 2001 kule Masisi, ulienea mu Kivu na kuharibu mashamba mengi, na aina fulani za ndizi za pombe zinaugua kwa urahisi sana. Panga iliyokata mugomba mugonjwa, isiposafishwa ku moto, inapeleka ugonjwa ku mugomba muzima. Mashamba yamepungua, lakini watoto wa kulipia hawakupungua. Tusishangae basi kuona makapi yanakamuliwa mara ya pili na ya tatu.

Na tusifikiri kwamba neno hili ni la wamama wa kasiksi peke yao. Tangu 2019 masomo ya musingi ya serikali yalitangazwa bure, lakini segondari wazazi waliendelea kulipa. Kuna mwaka nilifundisha mu shule tatu kwa siku moja: asubuhi, saa sita, na jioni. Asubuhi nilitoa ile nzito. Jioni niliandika ku ubao somo lile lile bila kuuliza swali hata moja, na nilitia pointi ku makaratasi ambayo sikuyasoma mpaka mwisho. Wazazi wa jioni walilipa kama wazazi wa asubuhi, na wengi wao walitoa ile pesa mu bidon za kasiksi. Siku moja mama mumoja alinifuata njiani:

"Mwalimu, mutoto wangu amepata 12 ku 20. Ni nini anajua, na ni nini hajue?"

Nilishindwa kujibu. Nilikuwa nimemimina bila kuonja.

Mwaka uliofuata niliiacha shule ya tatu. Sitasema ilikuwa rahisi, juu ku meza ya nyumbani tulisikia ukosefu wake, na bibi yangu aliniuliza mara nyingi kama uaminifu unapikwa. Swali lake ni la haki. Sina jibu la kuijaza chungu.

Mama alipozeeka, nilipata nguvu ya kumuuliza juu ya siku ile ya soko: "Mama, juu ya nini haukuonja ile ya ine?" Alinyamaza kidogo, kiisha akasema: "Mutoto wangu, mwenye kuonja ni mwenye hajue ladha. Mimi niliijua."

Basi mwenye nguvu akamue mara ine, hata mara kumi, nani atamukataza? Bibi zetu hawakutuachia hesabu ya vyombo. Walituachia kikombe cha kwanza, na kila mumoja wetu, mwenye pombe ao mwenye chaki, anajua mwenyewe ni wapi anaanza kumimina bila kukinywa.