Mana ya Kila Asubuhi: Je, Anayemeza Dawa Ameponywa?

Somo: 2 Wafalme 20:1-7; Kutoka 16; Yoshua 5:10-12

Wiki hii tukae na swali ambalo wengi wetu hulikwepa: mtu anayeishi kwa kumeza tembe kila siku, ameponywa ama bado?

Swali hili nililetewa na mama mmoja Mkenya anayeishi Marekani. Mtoto wake ana uvimbe kwenye ubongo, ule unaokua polepole ambao madaktari huuita glioma ya daraja la chini. Alimeza dawa miaka miwili, uvimbe ukanywea, kanisa likashangilia. Daktari akashauri wajaribu kusimamisha dawa. Miezi michache baadaye, skani ikaonyesha uvimbe umekua tena. Akaniuliza kwa simu, "Pasta, kwani ule ushuhuda wetu ulikuwa uongo? Ama ni imani yetu ilipungua?"

Nilimjibu, "Dada, hapana, kwa yote mawili." Wacha nieleze kwa nini.

Kwanza tuuelewe ugonjwa wenyewe. Katika nyingi za glioma hizi kuna hitilafu kwenye jeni inayoitwa BRAF. Ni kama swichi iliyokwama: inaziambia seli zikue, zikue, bila kupumzika. Dawa mpya huizuia amri hiyo. Mwaka wa 2023 Marekani iliidhinisha dabrafenib na trametinib zitumiwe pamoja kwa watoto wa kuanzia mwaka 1 wenye hitilafu ya BRAF iitwayo V600E. Mwaka wa 2024 ikaidhinisha nyingine, tovorafenib. Kwa watoto wengi uvimbe hunywea au husimama. Lakini kuzuia si kung'oa. Seli zinaweza kubaki zimetulia, na hitilafu iko ndani yake. Dawa ikiondoka, amri inarudi, na wakati mwingine uvimbe hukua kwa kasi. Habari njema ni kwamba mara nyingi dawa ikirudishwa, hunywea tena.

Basi kwa nini waisimamishe? Maanake dawa hizi nazo zina uzito wake: homa, vipele, moyo na macho kuchunguzwa kila mara. Madaktari wenyewe bado hawajakubaliana mtoto azimeze kwa muda gani. Mzazi anayejaribu kumpumzisha mwanawe, akiwa na daktari na skani mkononi, hajatenda dhambi. Na uvimbe ukirudi, hiyo si hukumu juu ya imani ya mtu.

Lakini kuna kuacha kwingine, na huko sisi Wakenya tunakujua. Mtu anatumia ARV, kipimo kinasema virusi havionekani, anaambiwa, "Sasa tupa dawa, uonyeshe imani." Anatupa. Virusi vinarudi. Tumezika wapendwa walioacha dawa ili ushuhuda wao ukamilike. Akiwa mtu mzima, angalau alijiamulia. Mtoto hakupanda madhabahuni kwa miguu yake. Tukimshinikiza mzazi aseme "imeisha kabisa," atakayelipa ni mtoto.

Hebu tumwangalie Hezekia. Alilia, Mungu akamsikia, akamwongezea miaka 15. Kisha Isaya akaagiza nini? Mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Neno la Bwana na dawa vilikuja kwa mkono wa nabii yule yule. Na angalia, ile miaka ilikuwa ya kuhesabika. Ilipokwisha, Hezekia alikufa. Hata Lazaro aliyetoka kaburini hakubaki duniani milele. Kila uponyaji wa mwili huu tunapewa kwa muda. Tukisema kisichodumu milele si uponyaji, basi hakuna mtu aliyewahi kuponywa.

Mtu ataniuliza, "Lakini Pasta, si Mungu anaweza kuponya mara moja?" Anaweza, na tuendelee kumwomba hivyo. Lakini Israeli walilishwa miaka 40 kwa mana ya kila asubuhi. Kesho yake waliihitaji tena. Je, kwa hiyo jana hawakulishwa? Walilishwa kweli, kwa siku ile. Na hakuna aliyeamka jangwani akasema, "Leo siokoti, nataka kuonyesha imani." Mana ilikoma walipokwisha kula mazao ya Kanaani, si kabla.

Hapo nimeona tumaini la watoto hawa. Glioma hizi mara nyingi hutulia mtoto anapofikia utu uzima. Kwa baadhi yao, tembe ni chakula cha jangwani, cha kuwavusha mpaka nchi itakapotoa mazao yake. Wengine watavuka, na wengine, tuseme ukweli, dawa itafika mahali ishindwe. Lakini kila asubuhi waliyopewa ilikuwa zawadi kamili.

Kwa hiyo, kanisa, mzazi akisimama kushuhudia, tusimwulize, "Ameacha dawa?" Tumwulize, "Leo mtoto anaendeleaje?" Kisha tushukuru kwa leo hiyo. Siku ya skani tufunge pamoja naye. Na matokeo yakija mabaya, tuwe wa kwanza kubisha mlangoni kwake, tukiwa na chakula, bila maswali.

Bwana, tupe leo riziki ya leo, na utufundishe kuiita muujiza. Amina.